Kiwanja na Njia ya Maji: Tarehe ya Ujenzi katika Ardhi ya Ukambani

Katika vyombo vyote ambavyo mwashi huvitia kikapuni mwake, baina ya mwiko, timazi, nyundo na kamba, kimo kimoja ambacho mtu asiyejua ujenzi, akilisikia jina lake, angedhani ni cha mchota maji wala si cha mjenga nyumba, nacho ni pimamaji. Jina hilo halikukosewa. Fundi anapoilaza pimamaji juu ya ubao, au anapoitundika katikati ya uzi uliovutwa baina ya vigingi viwili, huwa anayauliza maji ambayo hayajanyesha bado yatapenda kushika njia gani siku yatakapokuja. Na swali hilo, likijibiwa vibaya siku ya kwanza, halisahihishwi baadaye na saruji nzuri, wala rangi ya ukutani, wala dua ya mwenye nyumba. Nia yangu ni kueleza jinsi swali hilo lilivyoulizwa na kujibiwa katika Kitui na Makueni, kwa kuwa naamini ni mahali pachache katika Kenya ambapo watu walilazimika kulitafakari kwa uchungu na kwa muda mrefu kama pale, hata jawabu lao likaingia katika vitabu vya walimwengu kwa maneno mawili ya Kiswahili.

Mgeni atokaye pwani, ambaye amesikia habari za ukame wa Ukambani tangu utotoni, aghalabu hustaajabu akiambiwa kwamba wenyeji wa nchi ile, ambao huomba mvua kwa Mungu mwaka baada ya mwaka, hujenga nyumba zao kwa kuihofu mvua hiyo hiyo. Lakini hakuna kinyume hapo. Nyanda za chini za Kitui, kuelekea Mutomo na Ikutha na ng'ambo ya mto Tiva, hupata milimita 500 za mvua kwa mwaka au pungufu, na vilima vya Mbooni na Kilungu katika Makueni hupata hata 1,000. Ila kiasi hicho chote hakigawanywi kwa insafu baina ya siku za mwaka, bali huja kwa misimu miwili, ule wa Machi hadi Mei ambao Wakamba huuita uua, na ule wa Oktoba hadi Desemba ambao huuita nthwa, na ndani ya msimu wenyewe huja kwa usiku mchache wenye ngurumo. Tena huikuta ardhi imekaa uchi. Miezi ya jua imekwisha kuunguza nyasi, mifugo imekwisha kula mabua, na uso wa udongo mwekundu umefanya utando mgumu ambao matone ya kwanza huupigapiga na kuuziba zaidi badala ya kuupenya. Basi maji, kwa kuwa hayakukaribishwa ndani, hukimbia juu, na yanapokimbia huchukua kila kisichoshikwa. Nchi kavu humomonyoka kuliko nchi ya mvua nyingi, na ukuta wa udongo uliosimama mwaka mzima bila kuguswa na tone waweza kuliwa mguu wake katika saa mbili za usiku mmoja wa Novemba.

Wazee wa Kikamba husema kwamba kabila lao lilitulia kwanza katika vilima vya Mbooni, na kwamba kutoka huko watu walitawanyika, wengine wakaenda Kilungu na Nzaui, wengine wakavuka mto Athi na kuingia Kitui. Johann Ludwig Krapf, mmishonari aliyetoka Rabai karibu na Mombasa, alipofika Kitui mwaka 1849 kwa mzee mashuhuri Kivoi, ambaye misafara yake ya pembe ilijulikana sana pwani, aliwakuta watu ambao tayari walikuwa wakulima, wafugaji na wafanya biashara. Waliochagua vilima hawakuvichagua kwa ajili ya mvua peke yake. Vilima vilikuwa ngome dhidi ya adui, na hewa yake ilikuwa na salama kuliko nyika ya mbung'o. Lakini ngome yoyote ina kodi yake. Anayekaa mlimani halali mahali palipo sawa mpaka apasawazishe kwa mikono yake, na maji ya kila aliye juu yake humpitia yeye.

Nyumba ya kale ya Mkamba, kama alivyoieleza Gerhard Lindblom, mtaalamu wa Kiswidi aliyekaa kwao kabla ya Vita Kuu ya kwanza na ambaye kitabu chake kamili kilitoka mwaka 1920, ilikuwa ya mviringo, ya fito zilizopindwa na kufungwa, ikaezekwa nyasi zilizoshuka karibu kugusa chini. Yafaa tuitazame nyumba hiyo kwa macho ya maji. Paa lake halikuwa na ncha moja ya kutiririshia. Kila unyasi ulidondosha sehemu yake ndogo, na matone yakatawanyika katika duara zima, polepole, hata baada ya mvua kukatika, wala hapakuwa na mahali pamoja ambapo ardhi ilipigwa kwa nguvu. Umbo la mviringo nalo liliyagawa maji ya mlimani pande mbili, kama jiwe lililo katikati ya mto, lisiyapatie maji kona ya kuchimba. Sidhani kwamba wajenzi wa zamani waliyaandika mambo haya katika mafunzo. Lakini mikono yao iliyajua.

Kiwanja chenyewe kilitengenezwa hivi, na vilimani kingali kinatengenezwa hivi mpaka leo, ijapokuwa jembe la mti limekwisha kuwa sururu na beleshi. Mjenzi hukata mteremko kwa upande wa juu, akauchukua udongo alioukata na kuutupa upande wa chini, mpaka sehemu iliyochimbwa na sehemu iliyojazwa zikutane na kufanya uwanja mmoja. Hapo ndipo hatari mbili huzaliwa kwa pamoja, na mjenzi mwenye haraka huiona moja tu. Ya kwanza ni ukingo wa nyuma ya nyumba, ule uliokatwa wima, ambao maji ya mlima huudondokea na kuusukuma taratibu mpaka umwagike juu ya ukuta. Ya pili ni ule udongo uliojazwa mbele, ambao haukushindiliwa na miaka, nao hunywa maji, ukalainika, ukatitia, na nyumba ambayo nusu yake imekaa juu ya ardhi ya asili na nusu juu ya jazo hupasuka katikati. Kwa sababu hiyo wenye busara waliiweka nyumba yote juu ya sehemu iliyochimbwa, wakaiacha ile iliyojazwa iwe ua wa kuanikia nafaka na wa watoto kuchezea. Na jazo lenyewe wakaliacha lipigwe na mvua ya msimu mmoja au miwili, na kukanyagwa na mbuzi, kabla ya kuliamini kwa ghala.

Nyuma ya nyumba, hatua kadhaa juu ya ule ukingo, ulichimbwa mtaro wa kukinga. Huu ndio uti wa mgongo wa kiwanja chote. Hauendi wima, kwa maana maji yakishuka wima hugeuka mwizi. Wala hauendi sawa kabisa, kwa maana yatasimama na kufurika juu ya nyumba. Huenda kwa mshazari mdogo mno, kama nusu mita kwa kila mita 100, kiasi ambacho jicho lisilozoea haliwezi kukiona, ukayazungusha maji ya mlima upande mmoja wa boma na kuyatoa mahali penye nyasi au penye mwamba. Udongo wa mtaro hutupwa upande wa chini, ufanye tuta baina ya mtaro na nyumba, ili hata mtaro ukijaa pawe na ukuta wa pili. Msomaji aliweke jambo hili moyoni, upande ambao udongo hutupwa, maana baadaye litaleta mjadala uliochukua serikali nzima na miaka thelathini.

Kabla ya kufika huko kuna desturi moja ambayo haikuandikwa na wataalamu wengi, nayo ni ufagio. Ua wa Mkamba, kama ua wa Mswahili, hufagiwa kila asubuhi, na kuacha ua bila kufagia ni aibu kwa mwenye mji. Lakini kila ufagio huondoa unga mwembamba wa udongo, na unga wa siku 365, mara miaka 20, ni kina kisichopungua kiganja. Ndipo unapokuta nyumba kongwe zimebaki juu ya vijukwaa vyao, kama visiwa, na msingi ambao zamani ulikuwa umezikwa sasa wachungulia nje. Wanawake wenyewe walikuwa na dawa yake. Waliukandika mguu wa ukuta kwa udongo uliochanganywa na samadi na majivu, wakaufanya mteremko mdogo uliozunguka nyumba nzima, na kila ukianza kuliwa waliukandika tena kabla ya nthwa kuingia. Kwa upande wa pwani tuna kitu kilicho ndugu yake, yaani baraza iliyo mbele ya nyumba, ambayo watu hudhani imejengwa kwa mazungumzo na bao pekee, ilhali huuweka mbali mchirizi wa paa na mguu wa kiambaza.

Kisha yakaja mabati. Yalianza kwa misheni, maduka ya Wahindi na ofisi za serikali, yakafuata kwa machifu na walimu, na baada ya vita ya pili yakawa tamaa ya kila kijana aliyerudi na akiba ya mshahara kutoka jeshini, Nairobi au Mombasa. Pamoja na mabati ilikuja nyumba ya pembe nne, kwa kuwa bati halipindiki kama unyasi. Sitaki kuyasema vibaya mabati, kwa sababu yameokoa watu na moto, panya na uvujaji, na yamewapa akina mama maji safi ya kunywa. Lakini kwa kiwanja yalikuwa mapinduzi ambayo watu hawakuyatazamia. Maji yaliyokuwa yakidondoka polepole kutoka duara zima sasa yalimwagwa kwa pande mbili tu, kwa kasi, katika mstari mmoja ulionyooka, na mstari huo ukachimba handaki lake wenyewe sambamba na ukuta. Paa la mita 8 kwa 10, likinyeshewa milimita 40 za mvua, hutoa lita 3,200, yaani mapipa 16, na yote hayo hutua mkono mmoja kutoka kwenye msingi. Nyumba nyingi za matofali ya udongo ziliangukia upande wa mchirizi, na watu wakalilaumu tofali.

Hata kabla ya mabati kuenea, mlima wenyewe ulikuwa ukiugua. Serikali ya kikoloni iliwafungia Wakamba katika mipaka ya akiba yao, yaani eneo walilotengewa, ikazitwaa nchi zilizokuwa malisho yao ya ziada kwa mashamba ya walowezi na milki ya Serikali, na watu na ng'ombe wakaongezeka mahali ambapo ardhi haikuongezeka. Wilaya ya Machakos ya wakati ule, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake mpaka ilipotengwa mwaka 1992, ilikuwa na watu wapatao 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930, na tayari makorongo yalikuwa yakiikata milima kama visu. Mwaka 1937 Colin Maher, ofisa wa kilimo, aliandika taarifa juu ya mmomonyoko katika akiba hiyo, yenye maneno ya kukata tamaa. Na mwaka uliofuata Serikali ikashika dawa ya kuwapunguzia watu mifugo kwa nguvu. Muindi Mbingu akawaongoza watu kwa maelfu, wake kwa waume, mpaka Nairobi mwaka 1938, wakakaa huko kwa majuma wakidai ng'ombe wao. Serikali ilirudi nyuma katika jambo la ng'ombe, ila Mbingu mwenyewe ikamhamishia Lamu. Na nafikiri mara nyingi juu ya mtu yule, mwana wa milima iliyokuwa ikiporomoka, akitembea katika vichochoro vya mji wa mawe ambao wajenzi wake walikwisha kuamua, karne nyingi kabla yake, maji ya kila paa yaende katika birika gani.

Baada ya ng'ombe ikaja zamu ya mitaro. Kuanzia miaka ya 1940, na zaidi baada ya Bodi ya Maendeleo ya Ardhi ya Waafrika kuanzishwa mwaka 1946, watu waliamrishwa kutoka asubuhi kadhaa kila juma kwenda kuchimba matuta katika mashamba, kwa usimamizi wa machifu na kwa tishio la faini. Matuta mengi ya awali yalikuwa membamba, yenye udongo uliotupwa upande wa chini, kwa namna ile ile ya mtaro wa kukinga nyumba. Kwa nyumba namna hiyo ni sahihi, kwa kuwa mwenye nyumba anataka kufukuza maji. Kwa shamba la nchi kavu ina kasoro, kwa sababu mkulima hataki maji yafukuzwe, anataka yakae. Tena matuta hayo yalibomoka upesi, yakahitaji kuchimbwa upya kila msimu, na mtu aliyeitwa kwa kipenga kwenda kuifanya kazi ya shamba lisilo lake, huku akishuku kwamba ardhi ikishatengenezwa itachukuliwa na Mzungu, hakuwa na sababu ya kuipenda. Hata katika makazi mapya ya Makueni, ambako msitu wa mbung'o ulifyekwa baada ya vita na jamaa za vilimani zikapewa mashamba kwa masharti ya idadi ya mifugo na uchimbaji wa matuta, watu wa kwanza waliingia kwa shaka kubwa.

Geuko likaja katika miaka ya 1950, na hapa ndipo penye moyo wa kisa changu. Wakulima walianza kuupendelea mtaro wa namna nyingine, ambao udongo wake hutupwa juu ya mteremko badala ya chini. Mchimbaji husimama ndani ya mtaro uliofuata usawa wa mlima, akaurusha udongo upande wa kilele, ukafanya tuta. Tuta likapandwa nyasi za kulishia ng'ombe. Mvua ikija, udongo unaoteremka kutoka juu unakwama nyuma ya tuta, na maji yanayopita yanadakwa na mtaro ulio chini yake. Na baada ya miaka kadhaa, pasipo mtu kubeba karai hata moja, shamba lililokuwa mteremko limejisawazisha lenyewe likawa ngazi. Kazi hii iliitwa fanya juu, na ile ya zamani fanya chini. Ni kazi nzito zaidi kwa mgongo, kwa maana kurusha udongo juu si sawa na kuuachia ushuke, lakini watu waliifanya kwa hiari ile kazi nzito baada ya kuikataa ile nyepesi waliyolazimishwa. Wataalamu wameeleza sababu zake kwa hesabu za mavuno, bei ya kahawa na mboga, na uhakika wa milki, nami sizipingi. Ila naona kuna sababu nyingine iliyo chini ya hizo. Jambo hili watu walikuwa wakilijua nyumbani. Kila aliyekulia mlimani alikuwa amelala juu ya ardhi iliyokatwa na kusawazishwa na baba yake, alikuwa amecheza juu ya jazo, alikuwa ameona mgomba uliopandwa mwishoni mwa mtaro wa nyuma ya nyumba ukistawi wakati shamba zima limenyauka. Fanya juu ililigeuza shamba zima kuwa kiwanja.

Na mkono ulioifanya ulikuwa wa mwanamke. Wanaume wengi walikuwa mijini au jeshini, na mwethya, yaani ule umoja wa kale wa majirani kusaidiana katika kazi, ambao zamani ulimjengea mtu nyumba na kumpalilia shamba, ukafufuliwa na kugeuzwa kuwa jeshi la majembe, lenye viongozi waliochaguliwa na wenyewe na nyimbo za kupigia mdundo. Leo shamba la huyu, kesho la yule. Ikiwa kuna haki ya kuandikwa majina juu ya mawe ya ukumbusho katika nchi ile, basi ingalibidi jiwe moja litengwe kwa akina mama hao, ingawa najua kwamba jiwe hilo lingekuwa na majina mengi kuliko nafasi.

Baada ya uhuru mwaka 1963 mitaro iliachwa kwa muda, kwa kuwa ilinuka ukoloni. Mwaka 1961 ulikuwa umekwisha kutoa onyo lake, ukame mkali ukafuatwa na gharika iliyokata barabara zote, hata chakula cha msaada kikaletwa kwa ndege na njaa hiyo ikaitwa ya ndeke. Kisha mitaro ikarudi. Mwaka 1974 ulianza mpango wa taifa wa hifadhi ya udongo uliosaidiwa na Uswidi, na mwaka 1978 mpango wa maendeleo wa Machakos uliogharimiwa na Jumuiya ya Ulaya, na mabwana shamba wakawafundisha watu kupima usawa wa mlima kwa uzi, vijiti viwili vya urefu mmoja, na pimamaji iliyotundikwa katikati. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walipochapa kitabu chao mwaka 1994, walionyesha kwamba watu wa Machakos, pamoja na Makueni, walikuwa wamefika karibu 1,400,000, na mmomonyoko, badala ya kuongezeka, ulikuwa umepungua. Na wanafunzi wa kilimo katika nchi ambazo hazijapata kusikia Kiswahili hulisoma neno fanya juu bila tafsiri.

Tuirudie nyumba. Matofali ya kuchoma yalipoenea Kitui na Makueni, mwenye nyumba hakuyanunua mbali. Aliyafyatua kutoka udongo wa kiwanja chake mwenyewe, na kila nyumba ikazaa shimo lenye ukubwa wa kuta zake. Shimo hilo likiwa upande wa juu wa nyumba, au karibu na msingi, ni msiba uliochimbwa kwa gharama ya mwenyewe, kwa maana hukusanya maji na kuyanywesha msingi mpaka miezi ya kiangazi. Likiwa upande wa chini, hatua 20 au 30, ni hazina: mtaro wa nyuma na michirizi ya paa huelekezwa humo, likajazwa samadi na majani, likapandwa migomba na mipapai. Hapo ndipo ilipokamilika hekima ya nchi ile, kwamba maji yaondolewe ukutani lakini yasiondolewe bomani. Na katika mito ya mchanga ya Kitui fikira hiyo hiyo ilipanuliwa, kuta zikajengwa kukatiza mito ya msimu, mchanga ukajaa nyuma yake na maji yakafichwa ndani ya mchanga yasiibiwe na jua; shirika la SASOL peke yake limesaidia wanavijiji kujenga kuta hizo kwa mamia tangu miaka ya 1990.

Siku hizi kazi imehamia miji. Tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, miji ya Wote na Kitui imekua kwa kasi, na mashamba ya kando yake yamekatwa viwanja vya futi 50 kwa 100. Kiwanja kama hicho, kikinyeshewa zile milimita 40, hupokea lita 18,600 hivi, yaani mapipa zaidi ya 90, na mwenye nyumba anayemwaga saruji ukuta hadi ukuta huyakabidhi mapipa hayo yote kwa jirani. Zamani aliye juu na aliye chini walikuwa ndugu, na mtaro ulipita palipoafikiwa na wazee. Sasa hawajuani, na ugomvi wa maji huanza siku ya mvua ya kwanza. Mafundi wazuri wa huko wana kanuni ambazo huzishika bila kuzibishana: kinga ya unyevu ukutani isiwe chini ya milimita 150 juu ya ardhi ya nje, ardhi ishuke kutoka ukutani pande zote, walau kiganja kimoja katika hatua tatu au nne za kwanza, jazo lishindiliwe tabaka kwa tabaka na si kwa mkupuo, na penye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa jua, uchimbwe wote na kutupwa, au msingi ushuke mpaka uupite. Maji yasiyozuiwa viwanjani hayaishii kwa jirani. Tarehe 4 Desemba 2021, katika mto Enziu karibu na Mwingi, basi lililowachukua wanakwaya kwenda harusini lilipinduliwa na maji yaliyovuka daraja, wakafa watu zaidi ya 30. Hakuna kiwanja kimoja kilichoyaleta maji yale. Yalitoka maelfu ya mahali padogo ambapo mvua ilifika na haikuzuiwa.

Nako vijijini barabara zenyewe zimeanza kufanywa mtaro. Mkulima wa Makueni aliyekuwa akiilaani barabara kwa kummwagia korongo sasa hukata mdomo kando yake na kuyaingiza maji katika fanya juu zake, na kuna mashamba ambayo mahindi yake hutambulikana kwa rangi kuwa yamekunywa barabara.

Walipomaliza kiwanja, kabla ya kulipwa baki yao, mafundi wa zamani walikuwa na desturi ambayo vijana wenye mpira wa maji na vipimo vya mwangaza hawajaiacha. Huitisha ndoo ya maji, hata kama maji yamenunuliwa, na kuyamimina taratibu kwenye mguu wa ukuta, kwanza kona moja, kisha nyingine. Watu wote husimama kimya na kutazama chini. Maji husita kidogo katika vumbi, hutengeneza ulimi, huugeuza ulimi huku na huku, kisha huanza kwenda. Hupita kando ya ngazi, huzunguka tuta, hushika mtaro, hufika katika shimo la matofali ambalo mwenye nyumba amekwisha kulipanda mpapai mmoja wa urefu wa goti, na hapo huzama.